Udongo Uliotangulia Dhahabu: Historia ya Rangi za Ardhi Shinyanga na Geita

Historia ya Shinyanga na Geita imezoeleka kusimuliwa kwa dhahabu na almasi. Tunasoma habari za Wajerumani waliogundua dhahabu Geita mwaka 1898, za mgodi wa enzi ya Waingereza uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, za Dakta John Williamson aliyeupata mwamba wa almasi wa Mwadui mwaka 1940, na za migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu iliyoanza kuzalisha mwaka 2000 na 2001. Kila moja ya habari hizo inahusu kitu kilichotolewa ardhini kikapelekwa mbali. Mimi nasimulia habari ya kitu kingine cha ardhi hiyohiyo, kilichoanza kutumiwa na binadamu zamani kuliko dhahabu, na ambacho hakikusafirishwa kwenda kokote kwa sababu kilipakwa hapohapo: udongo wa rangi.

Wachoraji wa leo, wawe wa Paris au wa Dar es Salaam, wanaijua rangi iitwayo guashi. Ni rangi ya kuchanganywa na maji, ila nzito. Rangi ya maji ya kawaida huacha weupe wa karatasi uonekane chini yake. Guashi huufunika kabisa, na ikikauka huwa kavu na tulivu, bila mng'aro. Viungo vyake ni vichache: unga wa rangi uliosagwa hadi ukalainika, gundi ya mti wa jamii ya mgunga, maji, na mara nyingi chaki nyeupe ya kuongeza uzito. Wachoraji wa vitabu wa Uajemi na India walitumia rangi za namna hii kwa karne nyingi, na Ufaransa ya karne ya 18 ikazipa umaarufu mkubwa. Miongoni mwa rangi zake zinazodumu kuliko nyingine ni zile za udongo: nyekundu, njano na kahawia zinazotokana na chuma.

Sasa mtu wa Kahama au Geita na aitazame orodha hiyo ya viungo. Udongo wa chuma upo chini ya miguu yake. Udongo mweupe upo. Migunga ipo. Kisichokuwepo ni kumbukumbu ya jinsi wenyeji wa ukanda huu walivyojua kuvitumia, na jinsi ujuzi huo ulivyoelekea kutupotea.

Mwamba mmoja, mali mbili

Miamba ya Geita, Kahama na sehemu za Shinyanga ni ya zamani mno. Wanajiolojia huiweka katika Ukanda wa Mawe ya Kijani wa Usukuma, wenye umri wa takriban miaka bilioni 2.7. Humo ndani mna miamba ya mistari: tabaka la chuma, tabaka la silika, tena chuma, tena silika, yote yakiwa yamelala chini ya bahari wakati ambapo dunia haikuwa na mti wala mnyama. Ukilipasua jiwe lake unaona mistari myeusi, ya kijivu na myekundu imepangana, mingine myembamba kuliko ukucha.

Baadaye maji ya moto yalipanda kutoka kilindini kupitia nyufa za miamba hiyo, yakiwa yamebeba dhahabu iliyoshikana na salfa. Yalipogusana na tabaka za chuma, chuma kikaivuta salfa na kufanya madini ya pairaiti, na dhahabu ikakosa cha kushikamana nacho ikabaki palepale. Ndiyo maana sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita hukutwa ndani ya miamba ya chuma. Chuma ndicho kilichoitega dhahabu.

Hadithi ya rangi inaanzia hapo pia. Pairaiti ikifikiwa na hewa na maji ya mvua huoza na kugeuka kutu. Kutu yenye maji ndani yake huwa ya njano au kahawia, na ndiyo limoniti. Iliyokauka kabisa huwa nyekundu, na ndiyo hematiti. Mvua na jua vimefanya kazi hiyo kwa mamilioni ya miaka, ndiyo sababu vilima vya Geita vina udongo mwekundu unaoshika nguo na matairi. Mchimbaji mdogo mwenye uzoefu huisoma kutu hiyo kama dalili: akikuta jiwe la kahawia lenye matundu, lililoliwa na kutu, hujua kwamba huenda chini yake kuna mwamba wa kufuatilia. Mchoraji akilipata jiwe hilohilo angefurahia kutu yenyewe. Dhahabu na rangi zimekaa katika mwamba mmoja tangu mwanzo, na tofauti ni nani aliyezitafuta kwanza.

Mikono ya kwanza

Waliotangulia walitafuta rangi. Huko Olorgesailie, kusini mwa Kenya, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata vipande vya mawe mekundu na meusi vya zaidi ya miaka 300,000, vikiwa vimeletwa kutoka mahali pengine na vingine vikionesha alama za kusagwa. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, wamepata makombe ya konokono wa baharini yaliyotumika kuchanganyia udongo mwekundu, mkaa na mafuta ya mifupa, yenye umri wa miaka 100,000 hivi. Afrika ilikuwa na karakana za rangi kabla ya kuwa na shamba, chungu au jembe.

Hapa nchini, michoro ya miamba ya Kondoa ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote. Watu warefu wembamba, twiga, tembo na pofu wamechorwa kwa rangi nyekundu ya chuma, na katika miamba mingine michoro myeupe ya baadaye imewekwa juu ya ile myekundu. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walipiga kambi huko wakaifuatisha michoro hiyo kwenye karatasi angavu, kisha Mary akairudia kwa rangi ili ulimwengu uione. Nakala zake zilichapishwa katika kitabu mwaka 1983, na mwaka 2006 UNESCO ikaliingiza eneo hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuzunguka Ziwa Viktoria upo utamaduni mwingine wa kuchora miambani. Wanyama ni wachache. Badala yake kuna duara ndani ya duara, mistari sambamba, miale na maumbo ya ngazi, kwa rangi nyekundu na nyeupe, mengi yakionesha kwamba yalipakwa kwa kidole. Wamisionari waliripoti michoro ya upande wa Bukoba mwaka 1908, na hizo zikawa miongoni mwa taarifa za kwanza kuandikwa kuhusu michoro ya miamba katika Tanzania. Mtafiti James Chaplin, aliyefanya kazi ya kutunza mambo ya kale Uganda, alikusanya habari za michoro ya eneo zima la Ziwa katika andiko lililochapishwa mwaka 1974, baada ya kifo chake.

Rangi ya chuma imedumu miambani muda wote huo kwa sababu rahisi. Rangi nyingi za majani na maua hufifia zikipigwa na jua, lakini chuma kilichokwisha kupata kutu hakina tena cha kupoteza. Jua halikipunguzi na mvua haikiyeyushi. Viwanda vya rangi vya leo vinavyouza guashi ya bei kubwa bado vinategemea sifa hiyohiyo.

Barongo na majina ya udongo

Kabla ya mgeni yeyote kuuliza habari za dhahabu, utajiri wa Geita na Uzinza ulikuwa chuma. Barongo, mafundi wa kuyeyusha chuma wa kusini magharibi mwa Ziwa, walichimba mawe yenye chuma, wakachoma makaa ya miti migumu, wakajenga tanuru za shimo na kuzipuliza kwa mivukuto. Chuma walichokipata kilifuliwa majembe, na majembe hayo yalikwenda Usukuma na Unyamwezi, yakalima mashamba na kulipiwa mahari. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt aliwaomba wazee waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo wairudie, akaandika hatua zake zote, pamoja na dawa na miiko iliyoambatana nazo.

Fundi wa chuma ni msomaji wa rangi. Kabla jiwe halijaingia tanurini lazima alijue kwa wekundu wake, uzito wake na unga linaouacha likisuguliwa. Moto nao ulimfunza jambo ambalo wachoraji wa Ulaya walilijengea karakana nzima: udongo wa njano ukichomwa hugeuka mwekundu, kwa kuwa moto huyafukuza maji yaliyofungwa ndani ya kutu. Kila mfinyanzi wa Usukuma aliyewahi kuchoma chungu ameliona badiliko hilo.

Wakulima nao walikuwa na elimu yao. Msukuma anayeshuka kutoka kilimani hadi bondeni hukanyaga udongo mmoja baada ya mwingine na kila mmoja anaujua kwa jina: luseni, mchanga mwepesi unaotokana na mawe ya matale, kikungu, udongo mwekundu, ibambasi, ardhi ngumu inayokataa jembe, na mbuga, udongo mweusi mzito wa bondeni unaopasuka kiangazi na kunata masika. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, Tanga, aliieleza dunia kwamba aina za udongo hufuatana kwa mpangilio kutoka juu ya kilima hadi bondeni. Wazo lake limeingia katika vitabu vya sayansi ya udongo kila mahali, na Usukuma ikawa mfano mmojawapo wa kufundishia. Wenyeji walikuwa wakilima kwa mpangilio huo vizazi vingi kabla yake. Mfuatano huo ni wa rangi pia: kijivu, nyekundu, njano iliyofifia, nyeusi, zote ndani ya mwendo wa nusu saa.

Ndani ya nyumba ya Bayeye

Elimu hiyo ya udongo ilifika kilele chake mahali ambapo wapita njia hawakuruhusiwa kuingia. Bayeye ni chama cha Wasukuma cha watu wa nyoka: wanaokamata nyoka, wanaocheza nao na wanaotibu walioumwa. Dawa yao ya kinga, lukago, ilitafutwa na watu ambao hawakuwa wanachama, maana shamba la pamba au mtama lina koboko na swila, na hospitali ilikuwa mbali. Mwanachama mpya alifundishwa kwa muda mrefu: majina ya nyoka, tabia zao, mizizi ya dawa, siri na nyimbo za chama.

Sehemu ya mafunzo hayo ilifanyika ndani ya msonge ambao kuta zake za udongo zilikuwa zimechorwa. Nyoka walijipinda ukutani. Pembeni yao walisimama watu, wanyama na viumbe vya masimulizi ya chama. Mwalimu alionesha umbo, akaeleza kisa chake, na mwanafunzi akabaki nacho kichwani. Ukuta ulikuwa kitabu cha chama ambacho hakikuwa na maandishi.

Rangi zilizotawala ni nyekundu, nyeupe na nyeusi, zile ambazo ardhi na jiko la nyumbani humpa mtu bila kununua chochote. Nyekundu ni ya udongo wa chuma. Nyeupe hupatikana kwa udongo mweupe, yaani kaolini, unaotokana na kuoza kwa mawe ya matale yaliyotapakaa Shinyanga na Mwanza. Majivu nayo huweza kutumika. Nyeusi ni mkaa na masizi. Rangi ya namna hiyo ikipakwa kwenye ukuta wa udongo haihitaji gundi nyingi, kwa kuwa udongo hushikana na udongo. Ila ukuta wenyewe haudumu. Mvua ikivuja, mchwa wakipanda au nyumba ikihamwa, darasa zima huanguka na kurudi ardhini.

Aliyewahi kuzinakili kuta hizo kwa wingi ni Hans Cory, Mwaustria mzaliwa wa Vienna ambaye aliishi Tanganyika miaka mingi na kuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Kazi yake rasmi ilikuwa kuandika sheria na mila ili watawala wazielewe. Kitabu chake kuhusu sheria na mila za Wasukuma kilitoka mwaka 1953. Mwaka huohuo kampuni ya Faber and Faber ya London ilichapisha kitabu chake kingine, kilichohusu michoro ya ukutani ya watu wa nyoka wa Tanganyika. Kurasa zake zinaonesha kwa karatasi na wino kile ambacho kuta zilikishika kwa udongo. Cory alifariki mwaka 1962, na mafaili yake mengi yametunzwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lazima tuseme ukweli wote kuhusu kazi hiyo. Bila Cory tusingekuwa na picha hizo, kwa sababu karibu kuta zote alizoziona zimekwishabomoka. Lakini kitabu kilibeba jina lake, na mafundi waliochora kuta wamebaki bila sifa yao. Kitabu kilichapishwa London kwa Kiingereza, kikauzwa kwa wasomaji ambao hawajawahi kuona swila. Wajukuu wa Bayeye, ambao wangetaka kuyaona maumbo ya babu zao katika kitabu hicho, hawakuwa wasomaji waliokusudiwa.

Ukuta unapohamia kwenye karatasi

Yaliyotokea Usukuma yalikuwa yametokea Katanga, huko Kongo, miaka 27 kabla ya kitabu cha Cory, na kwa namna tofauti. Mwaka 1926, katika mji wa Bukama, mtumishi wa serikali ya Kibelgiji Georges Thiry aliona nyumba zilizopambwa kwa michoro, akamtafuta aliyezichora. Alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji amchoree kwa malipo. Lubaki akaweka kwenye karatasi ndege, chui, mitende na watu wanaosafiri, huku akiacha nafasi nyeupe kuzunguka kila umbo. Mkewe Antoinette naye alichora. Kazi za Lubaki zikaoneshwa Brussels mwaka 1929 na Geneva mwaka 1930, zikiwa miongoni mwa michoro ya kwanza ya Mwafrika wa Kongo kwenye karatasi kutazamwa Ulaya.

Usukuma na Katanga zinafanana sana. Katanga ni nchi ya migodi na ya wasemaji wa Kiswahili, kama ukanda wetu. Zote zilikuwa na kuta zilizochorwa kwa udongo. Lakini Lubaki alipewa karatasi na brashi yeye mwenyewe, jina lake likaandikwa, na leo historia ya sanaa ya kisasa ya Kongo inaanza naye. Thiry naye alikuwa mkoloni na malipo yake yalikuwa madogo. Hata hivyo mchoraji alijulikana ni nani. Usukuma tuna picha bila wachoraji.

Wachoraji waliokuja kufahamika nchini kwetu walichukua njia nyingine. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli na nyumba, juu ya mbao laini za mraba, na kabla ya kifo chake mwaka 1972 alikuwa amekwisha kuwa na wafuasi. Sanaa hiyo imetupa sifa duniani. Rangi yake, hata hivyo, ilitoka dukani ndani ya kopo, na mazoea yakawa hivyo hadi leo: mchoraji chipukizi wa Shinyanga akitaka nyekundu huuliza bei, wakati anaikanyaga.

Mahali pamoja pamejitahidi kushika uzi wa zamani. Kule Bujora, Kisesa, nje kidogo ya mji wa Mwanza, Padri David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alianzisha katika miaka ya 1950 kituo cha utamaduni kilichokuja kuwa Makumbusho ya Wasukuma. Zimewekwa pale ngoma za watemi, viti vya enzi, vifaa vya waganga na vya vyama vya ngoma, na kila Juni sikukuu ya Bulabo huwakutanisha Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, kushindana kwa mbina, Bayeye wakiwemo na chatu wao shingoni. Atakayetaka kuelewa nyumba ya watu wa nyoka ataanzia hapo.

Mti wa gundi

Udongo peke yake hauwi guashi. Bila gundi huo ni vumbi. Gundi bora duniani kwa kazi hii hutoka kwenye mgunga uitwao kitaalamu Senegalia senegal, ambao humea katika nchi kavu kuanzia Senegali na Sudani hadi Tanzania. Wakati wa kiangazi gome likijeruhiwa, mti hutoa machozi yanayokauka yakawa vidonge vya rangi ya asali. Sudani ndiyo muuzaji mkubwa, na gundi hiyo huingia katika soda, peremende, dawa na rangi.

Historia ya migunga ya Shinyanga ni ya kusikitisha kabla ya kuwa ya kutia moyo. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwapanga maelfu ya watu kufyeka vichaka ili kuwaondoa mbung'o, na Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton. Ufyekaji uliendelea, kisha pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka na kuni zikakatwa. Mashamba yaliyokuwa na vivuli yakabaki wazi, na Shinyanga ikaanza kutajwa kama jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Busara yake kubwa ilikuwa kurejea kwa wenyeji. Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani na miti ipone, kisha lifunguliwe kwa mifugo kiangazi. Mradi ukahimiza kila kaya na kila kijiji kurudisha ngitili zake. Mwanzoni zilihesabiwa hekta 600 hivi. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Migunga ikarudi bila kupandwa, kwa sababu mizizi na mbegu zilikuwa zimesubiri ardhini. Pamoja na kuni, malisho, asali na dawa, gundi nayo ilirudi, ingawa hadi leo ni wachache wanaofikiri kwamba ina kazi nyingine zaidi ya kutafunwa na watoto wachungaji.

Tope la mchimbaji na tope la mchoraji

Nenda kwenye mwalo wowote wa wachimbaji wadogo uone jinsi dhahabu inavyotafutwa. Mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, hupita kwenye karasha, yakasagwa yakawa unga. Unga humwagiwa maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa gunia au zulia. Kilicho kizito hukwama kwenye nyuzi. Chepesi huteremka na maji. Mwisho mwoshaji hukamata karai, akalizungusha kwa mkono uliozoea, akamwaga tope jekundu kidogokidogo mpaka zibaki chembe nyeusi za chuma na, Mungu akijalia, mstari mwembamba wa njano.

Mtengeneza rangi hufanya kazi hiyohiyo kinyume. Huponda udongo mkavu, akauchekecha, akautia kwenye ndoo ya maji na kuukoroga kwa nguvu. Husubiri kwa muda mfupi tu, mchanga na chembe nzito zitue. Kisha huinamisha ndoo polepole na kumimina yale maji mekundu kwenye chombo cha pili, na mchanga uliobaki chini humwagwa. Chombo cha pili hukaa usiku kucha. Asubuhi maji ya juu yameng'aa, na chini pametulia uji laini usio na punje. Huo uji hukaushwa kivulini ukawa kipande cha rangi. Atakaye nyekundu kali zaidi huukaanga udongo wa njano kwenye kikaango kikavu, akiugeuza hadi ubadilike.

Gundi hutayarishwa kando. Vidonge hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu hadi viyeyuke vyote, kisha huchujwa kwa kitambaa ili maganda na wadudu watoke. Rangi husagwa juu ya kioo kinene pamoja na gundi hiyo, kwa jiwe lenye uso bapa, mpaka sauti ya mkwaruzo ikome. Tone la asali huongezwa ili rangi isipasuke ikikauka. Udongo mweupe uliosafishwa kwa njia ileile hutiwa ili mchanganyiko uwe mzito na ufunike karatasi. Gundi ikizidi, rangi hung'aa na kupasuka. Ikipungua, rangi hutoka kwa kidole. Kipimo hupatikana kwa kujaribu kwenye kipande cha karatasi, kusubiri kikauke, na kukisugua.

Kwa hiyo kile ambacho mwoshaji wa dhahabu hukimwaga ndicho mchoraji anachokihifadhi. Kila siku katika ukanda wa Geita inatiririka rangi ambayo ingetosha madaftari ya wanafunzi wa mkoa mzima.

Nasema hivyo nikijua hatari yake, na hapa lazima nionye kwa sauti. Tope la mwaloni lisiguswe kwa kazi hii. Wachimbaji hutumia zebaki kukamata dhahabu, na mabaki yao, yale yaitwayo marudio, hupelekwa kuchenjuliwa kwa sianidi. Mwamba wenyewe unaweza kuwa na aseniki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini sumu iliyokwishaingia kwenye tope haiondolewi na sahihi. Udongo unaoonekana safi nao haufai kuaminiwa kwa macho: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wajawazito wa Geita wanaokula udongo uitwao pemba ulikuta ndani yake aseniki na metali nyingine. Rangi hailiwi, lakini mtoto hulamba brashi na kuvuta vumbi.

Linalotakiwa kufanywa

Jambo la kwanza liko katika uwezo wa serikali. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ina ramani, maabara na wataalamu. Ikipima udongo mwekundu, wa njano na mweupe katika maeneo machache yaliyo mbali na migodi, ikatangaza ulio salama, walimu wa sanaa wa shule za Shinyanga na Geita watapata rangi isiyohitaji bajeti. Mtoto akichota udongo uliopimwa, akausafisha na kuuchanganya na gundi ya ngitili ya kijiji chake, atakuwa amejifunza kemia, jiolojia na historia kwa somo moja.

La pili ni la maofisa utamaduni na vyuo. Huenda bado zipo nyumba zilizochorwa, na wazee wanaokumbuka kilichochorwa, kwa nini kilichorwa na nani alichora. Mchoro uliobaki upigwe picha, na jina la mchoraji liandikwe pembeni yake. Nakala za Cory zirudi Usukuma kwa Kiswahili na Kisukuma, zikae Bujora na katika maktaba za wilaya, ili kila picha ikutane na mtu anayeweza kuisimulia.

La tatu ni letu sisi tunaochora na kuandika. Dhahabu ya Geita itakwisha siku moja, na mgodi utafungwa kama ulivyofungwa ule wa zamani mwaka 1966. Udongo mwekundu hautakwisha. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao; basi tuuchote udongo huu, tuusafishe, tuuchoree, na tuyaandike majina yetu chini ya kazi zetu.